Feni ya kupoza vivariamu: ipi ununue, na uifunge wapi?

Feni haizalishi baridi, inasogeza hewa tu. Ndani ya vivariamu, yaani lile kasha la kioo lenye udongo, mimea na mnyama, hewa inayosogea hupunguza joto kwa njia mbili. Kwanza, inatoa nje joto lililomwagwa ndani na taa. Pili, inaharakisha maji ya kwenye majani, magome na udongo yageuke mvuke, na kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na joto. Lita moja ya maji ikikauka yote hubeba joto la karibu yuniti 0.68 za umeme, tukihesabu kwa lugha ya LUKU. Ikikauka taratibu kwa saa 24, ni sawa na kuondoa humo ndani kitu cha wati 28 kilichokuwa kikiwaka mchana na usiku.

Njia ya pili ndiyo yenye nguvu, na nguvu yake inategemea mahali unapoishi kuliko feni uliyonunua. Kwa hiyo kabla hatujalinganisha feni na feni, tulinganishe chumba na chumba.

Pima chumba kwanza

Chukua kipimajoto chenye sensa ya waya, vika ncha yake kitambaa cha pamba kilicholowa, kisha kipepee dakika chache. Namba itashuka, halafu itasimama. Hapo iliposimama ndipo kikomo chako. Hakuna feni, iwe ya bei gani, itakayoshusha joto la kasha chini ya namba hiyo kwa kutumia hewa ya chumba hicho, na usitegemee hata kuifikia.

Chumba cha Dar es Salaam mchana wa Februari, chenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70, kikomo chake ni kama nyuzi 27.5. Mombasa, Tanga na Zanzibar hazitofautiani sana na hapo. Chumba cha Dodoma wakati wa kiangazi, chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 35, kikomo chake kinashuka hadi karibu 19.5. Nairobi, nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 45, unapata 18. Feni ni ileile, kasha ni lilelile, ila mtu wa Dodoma ana nafasi ya zaidi ya nyuzi kumi kati ya chumba na kikomo, na wa Kinondoni hata tano hana.

Halafu kuna mtego. Pale feni inapopoza sana ndipo inapokausha sana, kwa kuwa ni kazi moja. Mtu wa Dodoma anaweza kushusha nyuzi tano kwa feni ya bei ndogo, na jioni akakuta chura amejikunja pembeni kwa kukosa unyevu. Chura ananyonya maji kwa ngozi na anayapoteza kwa ngozi hiyohiyo. Mtu wa pwani hana hofu kubwa ya ukavu, kwa kuwa hewa inayoingia tayari ni nzito, ila hapati baridi ya kujivunia. Kila unachosoma hapa chini kisome ukijua uko upande upi kati ya hawa wawili.

Mnyama naye ana lake. Vyura wadogo wa rangi kali wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, ambao wafugaji wengi duniani wanawapenda, huanza kuwa hatarini joto likikaribia nyuzi 30. Kinyonga wa pembe tatu wa milima ya Kenya amezoea usiku wa baridi, na kumnyima baridi hiyo ni kumchosha polepole. Mijusi wa pwani yetu wenyewe hawana shida hizo. Tukiwa hapo, sheria: Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na Kenya ina yake ya 2013. Kinyonga aliyeokotwa mtini ni mnyamapori, na kumweka ndani kunahitaji kibali. Ukitaka amani, anza na kasha la mimea.

Aina nne za madukani

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi ukaomba feni ndogo, utaonyeshwa moja kati ya hizi.

| | Ya kompyuta, volti 12 | Ya USB, volti 5 | Ya umeme wa ukutani | Bloa, volti 12 au 5 |
|---|---|---|---|---|
| Umeme | wati 1 hadi 3 | wati 1 hadi 2.5 | wati 15 hadi 20 | wati 1 hadi 5, kubwa hupita hapo |
| Kelele | ndogo ikipunguzwa kasi | ndogo | kubwa | mluzi mwembamba |
| Umeme ukikatika | betri ya volti 12 | pawabenki | inasimama | kama volti zake |
| Karibu na maji | salama kwa mtu | salama kwa mtu | hatari | salama kwa mtu |
| Kazi yake | kasha lenye wavu juu | kasha moja dogo au la kati | hakuna, kwa maoni yangu | bomba au upenyo mwembamba |

Ya umeme wa ukutani tuimalize haraka. Ni ile yenye fremu ya chuma, nzito, inayotolewa kwenye mashine za kuchomelea na makabati ya umeme. Watu huipenda kwa sababu haihitaji adapta, unachomeka tu. Lakini inakula wati karibu 18, ambazo kwa mwezi mzima ni yuniti 13, wakati ya kompyuta ya wati 2 inakula yuniti moja na nusu. Inavuma, kasi yake haipunguziki kirahisi, na unaiweka juu ya kitu unachokinyunyizia maji kila siku kwa mkono uliolowa. Iache dukani.

Ya kompyuta ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi. Zipo za milimita 40, 60, 80, 92, 120 na 140, na mafundi wa kompyuta wana mabox ya feni zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa. Swali la kwanza ni ukubwa, na hapo hesabu kidogo inasaidia. Tuseme taa inamwaga wati 30 ndani ya kasha, na unataka ndani pasizidi chumba kwa zaidi ya nyuzi 2. Ukiacha joto linalopita kwenye kioo, unahitaji hewa ya mita za ujazo 45 kwa saa. Feni nzuri ya milimita 120 ikiwa wazi husukuma kama 85, na ikizibwa na wavu hupoteza sehemu kubwa, labda nusu. Kwa hiyo inatosha, bila ziada ya kutisha. Ile ya milimita 40, ambayo wengi huichukua kwa kuwa ni ndogo na nzuri machoni, husukuma karibu 10. Hiyo itakausha ukungu kwenye kioo, lakini joto la taa ya wati 30 haitalimudu, na itapiga kelele ikijaribu. Feni kubwa inayozunguka polepole hutoa hewa nyingi kuliko ndogo inayokimbia, tena kwa utulivu. Kama kasha lina nafasi ya 120, usichukue 80.

Swali la pili ni kinachobeba mhimili, bushi (kibomba laini tu) au beringi (yenye gololi). Ya bushi ni rahisi, na ikisimama wima kama ndani ya kompyuta inaishi vizuri. Ikilazwa juu ya kasha, uso ukitazama chini, inaisha mapema na kuanza kukoroma. Ya beringi haijali imelazwa vipi. Muuzaji asipojua tofauti, soma karatasi iliyobandikwa katikati ya feni. Mara nyingi karatasi haisemi chochote, na hapo chukulia ni bushi.

Tatu ni nyaya, na hapa pana kona ya kuteleza. Feni yenye nyaya tatu kwa kawaida ina mweusi, mwekundu na wa njano: mweusi hasi, mwekundu chanya, wa njano unapeleka tu taarifa ya kasi. Feni nyingi zenye nyaya nne zina mweusi, wa njano, wa kijani na wa bluu, na humo wa njano ndio chanya ya volti 12. Rangi ileile, kazi mbili. Kwa vivariamu unahitaji mbili tu, chanya na hasi. Zilizobaki zikunje uzifunge kwa tepu ya umeme. Kupunguza kasi ni kuilisha adapta ya volti 9 badala ya 12. Feni nyingi huanza kuzunguka bila shida kwenye volti 7. Kwenye 5 baadhi hunguruma zikiwa zimesimama, na feni iliyosimama na umeme ndani yake haina faida kwa mtu.

Ya USB ni ndugu wa hiyo, imesukwa kwa volti 5. Faida yake kubwa ni kuchomekwa kwenye chaja ya simu iliyopo tayari nyumbani, na mara nyingi huja na swichi ya kasi tatu na wavu wa kukinga vidole. Kwa mtu mwenye kasha moja la sentimita 45 kwa 45, asiyetaka kushika kifaa cha kulehemu nyaya, hii ndiyo yake. Ina udhaifu mmoja: waya mrefu mwembamba hula volti, na volti 5 hazina za kupoteza. Ukiongeza waya wa mita tatu wa bei ya chini, usishangae feni kuzunguka kivivu.

Bloa ina umbo la konokono, na tofauti na zile nyingine inajua kusukuma hewa penye kizuizi. Feni ya kawaida ukiibana na bomba la inchi moja na nusu inazunguka bure, bloa inapitisha. Inafaa kasha lililofungiwa ndani ya kabati, au kasha lenye upenyo mwembamba wa nyuma usioweza kukatwa. Mluzi wake ni wa kuudhi chumbani, hasa zile ndogo za milimita 50, kwa hiyo kama kasha liko unapolala, fikiri mara mbili.

Ivute, ipulize, izungushe, au ipige taa?

Mahali pa kuifunga hubadilisha matokeo kuliko aina ya feni. Niliyoyaona kwenye makasha ya watu ni mambo manne.

*Kuvuta nje.* Feni inakaa juu, inatoa hewa. Hewa moto imeshapanda juu yenyewe, feni inaisindikiza tu, na hewa mpya inaingia kwa chini, kwenye ule upenyo ulio chini ya milango. Kwa joto la taa lililokwisha kuingia ndani, hakuna mpangilio unaoushinda huu. Lakini lazima hewa iwe na pa kuingilia. Tundu la feni ya milimita 120, ukitoa kitovu chake, lina kama sentimita za mraba 95. Upenyo wa mbele wenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 2 una 90, na wavu juu yake unapunguza tena. Ukiwa na upenyo wa nusu sentimita, feni yako inavuta dhidi ya ukuta, na ukiweka mkono juu yake utahisi hewa kidogo inayozungukia hapohapo. Panua pa kuingilia kabla ya kununua feni ya pili.

Gharama ya kuvuta ni kwamba mvuke wote wa kasha unapita kwenye mota. Feni ya kawaida hailindwi na unyevu. Sakiti yake ndogo huota kutu ya kijani na siku moja inagoma kuwaka. Pwani ni mbaya zaidi kama unanyunyizia maji ya kisima yenye chumvichumvi, kwa kuwa chumvi hiyo husafiri na matone hadi kwenye mota, mbali na madoa meupe inayoacha kwenye kioo na ngozi ya chura. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kwa wote watatu. Zipo feni zilizozibwa dhidi ya maji, zimeandikwa IP55 au IP67, na kwa mpangilio huu zinastahili bei yake. Usipozipata, nunua mbili za kawaida, moja ikae kabatini.

*Kupuliza ndani.* Feni inakaa juu ileile, umeigeuza. Sasa mota inapitisha hewa ya chumba, kwa hiyo inadumu. Unapoteza usaidizi wa hewa moto kupanda, na unapata upepo unaoanguka moja kwa moja juu ya kilicho chini. Kwa kinyonga si kosa kubwa akiwa na pa kujificha. Kwa chura mdogo ni kosa, na kwa mimea ya majani laini utaona kingo zinakauka upande mmoja. Ukiamua kupuliza, ilaze feni kwa mshazari ili hewa ipite juu ya wavu badala ya kutumbukia, na acha sehemu ya wavu bila kifuniko ili hewa itoke.

Wakazi wa nyanda kavu, Dodoma, Singida, Nairobi miezi ya Januari na Februari, nawashauri huu kuliko kuvuta, feni ikiwa kwa kasi ya chini na kwa vipindi. Unyevu unaoupoteza ni mdogo, na baridi bado ipo ya kutosha kwa kuwa hewa yenu ina kiu.

*Kuzungusha ndani.* Kifeni cha milimita 40 kimefichwa nyuma ya mgongo wa kasha, kinazungusha hewa ileile. Kinaondoa ukungu kwenye kioo na kinazuia uozo kwenye pembe zenye hewa mfu. Baridi hakileti. Hewa ya ndani ikishajaa mvuke, maji hayakauki tena, na mota inaongeza joto lake dogo humohumo. Ukiuziwa hicho kama kipoza, umeuziwa kitu kingine, hata kama ni kizuri.

*Kupiga taa.* Hapa feni haigusi kasha kabisa. Unainua taa sentimita 10 juu ya wavu, unaweka feni pembeni, inapuliza kwa ulalo katikati ya taa na kasha. Joto la taa linaondoka kabla halijaingia, na unyevu wa ndani unabaki kama ulivyo. Kwa mtu wa pwani mwenye vyura au mimea, hili ndilo jaribio la kwanza, kwa sababu kama ulivyoona, sehemu kubwa ya anachoweza kuokoa ni joto la taa. Joto la chumba halimhusu feni. Hakuna kukata kioo, hakuna inzi wa matunda (chakula cha vyura) kutoroka, na feni ya USB inatosha. Angalizo ni kwa wenye reptilia wanaohitaji taa ya miale ya UVB: ukiinua taa, miale inapungua haraka, na mnyama atalipia kwa mifupa. Hapo acha taa ilipo, piga hewa tu.

Nikipanga kwa pwani: piga taa kwanza, ukishindwa vuta nje. Kwa bara kavu: puliza kwa vipindi, na unyunyizie zaidi ya zamani. Kuzungusha ni nyongeza kwa wote.

Iwake muda wote?

Kwa wengi, hapana. Feni ya milimita 120 ikiwaka mchana kutwa kwenye kasha la lita 120 itabadilisha hewa yote kila baada ya sekunde chache, na hata unyevu wa Dar hautastahimili hilo bila kunyunyizia mara kwa mara.

Kipima muda cha kuchomeka ukutani ni cha bei ndogo na hakiharibiki kirahisi. Kipange feni iwake na kuzima pamoja na taa, au robo saa kila saa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kasoro yake ni kwamba hakijui hali ya hewa. Siku ya mvua za masika, chumba kikiwa na nyuzi 25, bado kitaiwasha.

Kidhibiti joto kinajua. Kwa feni ya volti 12, kile kisahani kidogo kinachoitwa W1209 kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki: kina sensa ya waya, namba nyekundu na vitufe vitatu. Ingia kwenye P0 uchague C, yaani kupoza. Ukiacha H, feni itawaka kukiwa na baridi na kuzima kukiwa na joto. P1 ni tofauti kati ya kuwasha na kuzima, weka nyuzi 1 au 2. Ukiweka 0.1, relei, yaani swichi yake ya ndani, italia tik-tik siku nzima hadi ife. STC-1000 hufanya kazi hiyohiyo kwa umeme wa ukutani, kwa hiyo unaweza kuitumia kuwasha adapta ya feni. Faida yake ni kuwa mashine hiyo moja inaweza kuendesha pia kipasha joto kwa wanaoishi Njombe au Limuru. Kisahani cha W1209 hakina mfuniko, kiweke ndani ya kiboksi cha plastiki mbali na maji.

Sensa iweke kivulini, katikati ya kimo cha kasha, isiguse kioo wala isitazamane na taa. Juu kabisa utasoma joto la taa, chini kabisa utasoma baridi ya udongo, na feni itafuata uongo wowote utakaoupa.

Umeme ukikatika

Hapa volti 5 na volti 12 zinashindana kweli. Pawabenki ya mAh 10,000 ina kama wati-saa 37, na baada ya upotevu unabaki na chini ya 30. Feni ya wati 1.5 itaishi humo saa 18 hivi. Tatizo ni kwamba pawabenki nyingi hujizima zikiona umeme unaotumika ni mdogo mno, zikidhani simu imejaa, kwa hiyo ijaribu kabla hujaitegemea. Nyingine hazitoi umeme zikiwa zinachajiwa.

Betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, ile ya king'ora au UPS, ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili isife mapema, feni ya wati 2 inapata saa 20. Wenye sola nyumbani wamebarikiwa, feni ya kompyuta inaunganishwa moja kwa moja kwenye mfumo wao, ila wajue betri ikichajiwa hupanda hadi volti 14 na ushee, na feni nyingi zimetengenezwa kwa mwisho wa 13.2. Itafanya kazi, itachoka mapema. Kumbuka pia kwamba umeme ukikatika na taa imezima, na kama ulichohitaji ni kuondoa joto la taa, huhitaji betri hata kidogo.

Kuifunga

Usitoboe kioo kabla ya kujua ni cha aina gani. Kioo kilichochomwa kuwa kigumu hakitobolewi. Kinapasuka vipande vidogo mara moja, na makasha mengi ya kununua yana kioo hicho mahali fulani, hasa sakafuni. Njia rahisi ni kuondoa kipande kimoja cha mfuniko na kuweka cha akriliki. Feni ya milimita 120 inataka tundu la kama milimita 115, na matundu ya skrubu yako umbali wa milimita 105 kati ya moja na jingine. Ya 80, umbali ni 71.5. Akriliki itoboe kwa kasi ndogo, vinginevyo inayeyuka na kung'ang'ania keekee.

Chini ya feni weka wavu. Kama unalisha nyenje, wavu wa dirishani wa kuzuia mbu unatosha. Kama unalisha inzi wa matunda, chukua kitambaa chembamba zaidi, matundu chini ya nusu milimita, na ukubali kwamba hewa itapungua. Kati ya feni na akriliki weka vipande vya tyubu ya baiskeli. Kelele nyingi ambazo watu hulaumu feni hutoka kwenye mfuniko unaotetema. Mshale kwenye fremu unaonyesha hewa inakoelekea, na kama hakuna mshale, hewa kwa kawaida inatokea upande wenye mikono inayoshika mota. Waya ushushe chini ya soketi kisha upande tena, ili tone likitiririka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi.

Ukiona feni haitoshi

Kuna wanyama ambao hata kwa mpangilio bora feni ya Dar haitawafikisha. Tanzania inao mfano wake mkubwa: chura wa Kihansi, kidude kisichofika hata sentimita tatu, aliyegunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la Udzungwa, akiishi ndani ya manyunyu ya maporomoko. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, makazi yake yalikauka. Vyura 499 walikuwa wameshapelekwa Marekani mwaka 2000, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Mia moja walirudishwa mwaka 2010 kwenye kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na miaka miwili baadaye vyura wakaanza kurejeshwa Kihansi. Wa namna hiyo wanahitaji chumba kizima kinachodhibitiwa, joto na maji pamoja. Hata aksoloto, yule amfibia wa majini mwenye mkia ambaye siku hizi anaulizwa sana na wafugaji wa samaki, anataka maji yaliyo chini ya nyuzi 20, na kikomo cha kitambaa chako cha pwani ni 27.5. Kwake unanunua mashine ya kupoza maji au unamwacha. Chupa za barafu zitakusaidia siku moja ya dharura. Kila siku ni kumpandisha na kumshusha mnyama joto.

Kwa aliye na kasha la kawaida, taa ya LED na chumba cha pwani, ningenunua feni ya USB ya milimita 120, nikaielekeza kwenye taa, nikatumia kipima muda. Kwa mwenye taa ya kupasha joto au makasha matatu rafuni, feni za kompyuta za beringi zinazovuta nje, adapta moja ya volti 12 yenye ampea 2, W1209 moja kwa kila kasha. Kwa wa Dodoma na Nairobi, ya kompyuta kwenye volti 9, ikipuliza, kidhibiti joto kikiwa lazima, pamoja na kipimaunyevu pembeni yake.

Vyovyote utakavyochagua, iendeshe wiki moja kasha likiwa na mimea tu, ukiandika joto na unyevu wa saa nane mchana na wa alfajiri. Kama saa nane unyevu unashuka chini ya asilimia 60 na unapanga kuweka vyura, punguza muda wa feni kabla hujapunguza kasi yake.